Uzao Hauna Kisigino: Sarufi na Ahadi ya Ukombozi katika Mwanzo 3:15

Katika kurasa za namna hii neno "ukombozi" halikosekani. Tunao ukombozi wa mwanamke, ukombozi wa mkulima, ukombozi wa fikra, na kila mwaka yupo mwenzetu anayeliweka neno hilo kwenye kichwa cha tasnifu yake. Lakini matini ambayo watu wengi hapa kwetu wamelisikia neno hilo likisomwa humo kwa sauti tangu utotoni, yaani Biblia, huwa tunaikwepa. Tunawaachia wachungaji na mapadre. Sababu inayotolewa ni kwamba ile ni imani na hii yetu ni fasihi. Mimi sababu hiyo siikubali. Matini ile imeandikwa kwa maneno, maneno yana ngeli, na ngeli ni kazi yetu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mstari mmoja tu: Mwanzo 3:15, kama ulivyochapishwa katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iliyounganisha mapokeo mawili ya tafsiri, la Mombasa na la Unguja. Tangu karne ya 2 waandishi wa Kikristo, akiwamo Irenaeus, askofu wa Lyon, wameusoma mstari huu kama tangazo la kwanza kabisa la habari njema: kwamba pale pale mwanadamu alipoanguka Mungu aliahidi mkombozi, na kwamba ahadi hiyo ilitimia kwa Kristo. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kupachikwa, kwamba mtu anakuja na Kristo wake mfukoni halafu anamkuta kwenye matini. Dai langu ni dogo, ila nadhani lina uzito. Katika Kiswahili cha 1952 mkombozi hakupachikwa na mwanatheolojia. Ameingia kwa kupitia kisigino.

Tuanze na muktadha. Kosa limetendeka, mahojiano yamekwisha, hukumu inasomwa. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni hili: maneno ya ahadi hawaambiwi wanadamu. Anaambiwa nyoka. Adamu na mkewe wamesimama pembeni wakisikia mwenzao akilaaniwa, na ndani ya laana ya mwenzao mna jambo jema linalowahusu wao. Hakuna aliyewageukia akasema, "Nawaahidini." Kwa upande wa fani huu ni ufundi mkubwa, maana ahadi inayosikika kwa pembeni haina masharti na haina tarehe. Mwenye kuisikia inambidi abaki anaitafakari. Na tazama Adamu anafanya nini baada ya kuambiwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Anampa mkewe jina, Hawa, jina ambalo matini inalifungamanisha na uhai. Mtu kahukumiwa kifo, na jambo la kwanza analolifanya ni kumwita mkewe mama wa walio hai! Ama hakusikia hukumu, ama alisikia kitu kingine zaidi ya hukumu.

Sasa twende kwenye sarufi, ndiko kwenye utamu. Mungu anasema ataweka uadui kati ya nyoka na mwanamke, na kati ya uzao wa huyu na uzao wa yule. Kisha yanatajwa mapigo mawili, moja la kichwa na moja la kisigino. Wafasiri walichagua neno "uzao", la ngeli ya U. Kwa hiyo anayeponda kichwa anarejelewa kwa kionyeshi "huo", na kitenzi chake kinaanza kwa u-. Mpaka hapo upatanisho ni safi kabisa. Lakini pigo la pili likija, nyoka anapolipiza kwenye kisigino, mtendwa hawakilishwi tena na -u-. Anawakilishwa na -m-, kiambishi cha ngeli ya watu. Mzungumzaji ni yule yule, sentensi ni ile ile, hata pumzi haijakatika, na uzao umegeuka mtu.

Mwenzangu mmoja nilipomwonyesha jambo hili alicheka. "Kosa la upatanisho hilo, bwana. Kidato cha pili ungepigiwa mstari mwekundu." Haya, tulisahihishe basi. Tuweke -u- mahali pa -m- tuseme kwamba nyoka "atauponda kisigino" uzao huo. Jaribu kulitamka kwa sauti. Ulimi unagoma, na unagoma kwa sababu. Kiswahili kikitaja kiungo cha mwili, mwenye kiungo ndiye anayeingia ndani ya kitenzi: amemvunja mguu, wamemkata kidole, mwiba umemchoma unyayo. Kiungo hakiendi peke yake, kina mwenyewe. Kichwa kilichopondwa kina mwenyewe, nyoka. Na kisigino nacho sharti kiwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo hawezi kuwa jina la jumla. Ukoo unaweza kushinda vita. Taifa linaweza kumponda adui. Lugha hiyo tuliisikia sana wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hakuna aliyeiona ngeni. Ila hakuna aliyewahi kusema kwamba taifa limeumwa kisiginoni. Kisigino ni cha mguu mmoja wa mtu mmoja, tena aliye peku, aliyeukanyaga mguu wake chini mahali penye nyoka.

Kwa hiyo kilichowasukuma wafasiri kwenye -m- ni sitiari yenyewe. Hata kama hawakukusudia (na mhakiki hahitaji kuingia vichwani mwao), waliiheshimu picha kuliko jedwali la ngeli. Matokeo yake ni kwamba katika mstari huu anayeshinda ni uzao, ambao unaweza kuwa watu wengi, na anayeumia ni mtu. Mkristo anayeusoma akamwona Msalaba hapo hajailazimisha lugha. Lugha imemtangulia.

Kuna na hili la kitenzi. Nyoka kwa kawaida haponde. Nyoka huuma, au kama wasemavyo wengine hugonga. Lakini tafsiri ya 1952 inatumia "ponda" mara zote mbili, kwa sababu Kiebrania nacho kina kitenzi kimoja mara mbili. Mapigo yanalingana kwa jina, yanatofautiana kwa mahali tu: moja la kichwani na moja la kisiginoni. Vulgata, Biblia ya Kilatini, ilitumia vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kuponda na kingine cha kuvizia, na kwa maoni yangu ikapunguza makali. Ukimfanya nyoka awe mviziaji tu, pigo lake linakuwa jaribio. Ukimpa kitenzi kile kile, basi na yeye amepiga kweli, na aliyepigwa ameumia kweli.

Wakati wa kutaja Vulgata ndio huu, maana ugomvi wa kiwakilishi hiki ni wa zamani kuliko Kiswahili cha maandishi. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "uzao" ni la kiume kisarufi, ni umoja, tena ni nomino ya jumla kama "mbegu". Kiwakilishi chake kinaweza kusomeka kama mtu wa kiume au kama kundi zima. Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 K.K. walikuwa na nomino isiyo ya kiume wala ya kike, lakini kiwakilishi wakakiandika cha kiume. Yaani na wao "walikosea upatanisho", karne mbili na zaidi kabla ya Ukristo! Vulgata, kama ilivyoenea katika Kanisa la Magharibi, ikaandika kiwakilishi cha kike, na kutoka hapo ndipo wachongaji walipopata sanamu za Bikira Maria akiwa amemkanyaga nyoka, ambazo msomaji anaweza kuziona katika makanisa ya Kikatoliki hata huku kwetu. Mwaka 1979 Roma yenyewe ilitoa Vulgata Mpya na kukiondoa kiwakilishi hicho cha kike, ikaweka kile kisicho na jinsia. Sanamu hazikuondolewa.

Kiswahili hakina haja ya ugomvi huo. Kiambishi -m- hakisemi mume wala mke. Kwa sarufi tupu anaweza kuwa mwana, anaweza kuwa mama yake aliyetajwa juu kidogo, anaweza kuwa binadamu yeyote. Watu wamegombana karne nyingi huko Ulaya juu ya herufi moja, na lugha yetu imewapitisha wote mlango mmoja. Hili silitaji kwa majigambo. Ni sifa ya lugha, si ya sisi tunaoisema.

Ni haki kusema pia kwamba si kila msomaji wa kisa hiki anakuta humo mkombozi. Wasomaji wengi wa Kiyahudi wameuchukua mstari huu kama maelezo ya uadui ulioko kati ya binadamu na nyoka, ingawa baadhi ya tafsiri zao za Kiaramu ziliuhusisha na siku za Mfalme Masihi. Wenzetu Waislamu wanacho kisa cha Adamu katika Kurani, sura ya 2, aya ya 36 hadi 38. Humo uadui upo na ahadi ipo, lakini kinachoahidiwa ni uongofu utakaowajia watu, hakuna habari ya mtu atakayejeruhiwa kwa niaba yao. Tofauti hiyo inatusaidia kuona Mkristo anaamini nini hasa. Mwongozo peke yake haumtoshi; anangoja mtu mwenye kisigino.

Sura hii ya tatu ina historia yake katika lugha yetu. Johann Ludwig Krapf alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwezi Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji ule. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki. Kwa hiyo kisa cha nyoka na mwanamke ni miongoni mwa nathari za kwanza kabisa za Kiswahili kupigwa chapa kwa hati za Kirumi. Sisi tunaosoma historia ya nathari huwa tunaanzia mbali na hapo, sijui kwa nini.

Julai ya mwaka ule ule, 1844, mke wa Krapf, Rosine, alifariki dunia kwa homa siku chache baada ya kujifungua binti, na mtoto naye akafa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf akawaandikia wakubwa wake wa misheni kwamba kaburi lile kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni dalili ya mapambano yaliyoanza, na kwamba ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Hapa mhakiki anapata kazi mbili. Kwanza aone kwamba huyu ni mtu aliyekuwa na mstari wetu mezani mwake, uchungu wa kuzaa, mavumbi na uzao, mwaka alioyazika yote matatu. Pili asiogope kuuliza: ushindi wa nani juu ya nani? Maana katika maandishi ya wamisionari wa karne ile pwani yetu mara nyingi imewekwa upande wa nyoka, na mgeni amejiweka upande wa uzao. Anayejihesabu kuwa yeye ndiye uzao anaweza kuponda vichwa vingi visivyo vya nyoka.

Hatari hiyo Paulo aliiona mapema, nadhani. Katika Wagalatia 3:16 anafanya kazi ambayo kwetu tungeiita uchambuzi wa mofolojia. Anasema ahadi aliyopewa Ibrahimu iliandikwa kwa umoja, haikuandikwa kwa wingi, na huyo mmoja ni Kristo. Kwa isimu kavu hoja hiyo ina pengo, kwa sababu nomino ya jumla huwa katika umoja hata inapowataja maelfu, na Paulo aliyelelewa katika Kiebrania hawezi kuwa hakulijua hilo. Tafsiri ya 1952 ililiona pengo: mahali hapo wafasiri hawakutumia "uzao" kama kule Mwanzo, walitumia "mzao", ngeli ya watu. Kwa kufanya hivyo waliisaidia hoja ya Paulo ila waliukata uzi unaoirudisha Mwanzo. Msomaji wa Kiswahili akifunua nyuma kutafuta hilo neno la umoja hatalikuta. Lakini ukisoma mpaka mwisho wa sura ile ile, mstari wa 29, Paulo anawaambia Wagalatia, watu wa mataifa, kwamba wao nao ni wa Ibrahimu, na hapo "uzao" unarudi. Mmoja kwanza, halafu wengi ndani ya mmoja. Hakuna kabila wala taifa linaloingia moja kwa moja likijiita uzao.

Sasa nije kwenye swali ambalo nimekuwa nikilizunguka. Kama -m- inaruhusu kumwona Kristo, je, msomaji wa kale wa Mwanzo angeweza kumwona? Jibu langu ni hapana. Na nadhani Luka ananiunga mkono.

Luka ndiye mwinjili anayelipenda zaidi neno ukombozi. Analiweka mlangoni: katika sura ya 1 Zakaria, mzee aliyekuwa bubu, kinywa chake kinapofunguka anataja ukombozi pamoja na kiapo alichoapiwa Ibrahimu. Katika sura ya 2 nabii Ana, mjane wa miaka mingi, anamzungumza mtoto kwa watu waliokuwa wakiungojea ukombozi wa Yerusalemu. Halafu analiweka tena kwenye mlango wa kutokea, sura ya 24, njiani kwenda Emau. Kleopa na mwenzake wanamwambia mgeni wasiyemtambua kwamba walikuwa wakimtumaini Yesu kuwa ndiye atakayeikomboa Israeli. Angalia njeo. Ni wakati uliopita wa hali ya kuendelea: tumaini lilikuwepo likiendelea, na sasa limekatika. Wanafunzi wenyewe walioishi naye, waliomwona kwa macho, hawakuona ahadi yoyote imetimia. Waliona mtu ameuawa na siku ya tatu inapita.

Na mgeni anafanya nini? Hafanyi muujiza. Anafanya uhakiki! Anaanza na vitabu vya Musa, anapitia manabii, anawasomea upya maandiko ambayo wao wameyajua tangu utoto. Luka hatuambii ni mistari ipi, na ukimya huo ni wa makusudi kama ukimya mwingine wowote wa msanii mzuri. Kutimia kwa ahadi, kwa mujibu wa Luka, hakuonekani kutoka mwanzo kwenda mwisho. Kunaonekana mtu akiwa mwishoni anatazama nyuma, na hata hapo anahitaji mtu wa kumsomea. Ni kama riwaya nzuri ambayo jambo dogo la sura ya kwanza hukulijali, na ukifika mwisho unarudi kulisoma unakuta lilikuwa limesema yote. Lakini hakuna anayeweza kudai alilijua tangu awali. Mhubiri anayesema Mwanzo 3:15 "inathibitisha" anamnyima msomaji safari ya Emau. Na mhakiki anayesema mstari ule ni hadithi ya nyoka tu, amefunga kitabu sura ya tatu.

Neno lenyewe "komboa" lisitupite. Katika Kiswahili cha pwani anayekomboa analipa: mtu hukomboa kitu chake kilichowekwa rehani. Misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 iliwanunua watumwa, wengi wao watoto, ikawaweka katika kijiji chake. Kwa Wakristo hao wa mwanzo ukombozi haukuwa sitiari. Zilitoka fedha, na baada ya fedha ilikuwepo kazi ya shamba chini ya mapadre. Nani basi alikuwa mwenyewe? Swali hilo linauma, na halijibiwi kwa kusema nia ilikuwa njema. Baadaye neno likahama likaenda kwenye siasa, na Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuanzia 1963 hadi 1994. Sisi wahakiki tumelirithi kutoka huko, tukiwa tumeiangusha njiani sehemu ya malipo. Katika tasnifu zetu mhusika anakombolewa bila ya mtu yeyote kugharimika, na pengine ndiyo maana wahusika hao hatuwaamini.

Anayesema ahadi imetimia anadaiwa maelezo, kwa sababu nyoka bado anauma. Hapo ndipo wengi wetu tulipo, waumini na wasioamini, na mimi ambaye Jumapili huimba kwaya nimo. Nimemtafutia Paulo jibu nikalikuta mahali nisipotazamia, kwenye salamu za mwisho za Waraka kwa Warumi, 16:20. Anawaambia wale watu wa Rumi, ambao wengi wao amewataja kwa majina hapo juu, kwamba Mungu atamponda Shetani chini ya miguu yao. Picha ni ile ile ya Mwanzo, ila mambo mawili yamebadilika. Kitenzi kimerudi kwenye wakati ujao, ingawa kwa Paulo Kristo amekwisha kuja. Na miguu si ya mmoja tena. Ni ya Priska na Akila, ya Mariamu, ya Androniko na Yunia, na ya watumwa na wafanyakazi ambao hatuna habari zao zaidi ya salamu hiyo. Wafasiri wa 1952 wameuweka wingi huo kama ulivyo. Hapa uzao una visigino, na vyote bado viko chini, kwenye majani.